qPCR au RNA-seq: uchague ipi kufuatilia vimeng'enya vya mnyoo wa kichocho toka yai hadi utu uzima

Swali hili linanifikia sana toka kwa vijana wa masters na wengine walioanza PhD hapa Tanga, na karibu kila mara linakuja hivihivi: nina kimeng'enya changu, nataka kuonyesha jeni yake inawaka (yaani inatoa RNA) kwenye hatua gani ya maisha ya mnyoo wa kichocho, nifanye qPCR, inayopima RNA ya jeni chache ulizochagua, au nipeleke RNA-seq, inayosoma RNA za karibu jeni zote? Jibu fupi, wengi wenu mnahitaji qPCR pamoja na data za RNA-seq ambazo watu wameshaziweka bure mtandaoni, na wachache ndo wanaohitaji kulipia RNA-seq yao wenyewe. Jibu refu linategemea vitu viwili ambavyo watu wanaviruka, yaani swali lako lenyewe na sampuli unazoweza kuzipata ukiwa huku Tanga, sio ukiwa kwenye maabara ya Ulaya yenye chumba kizima cha konokono na kingine cha panya.

Tuanze na kwa nini mtu ahangaike na hatua za maisha. Praziquantel, ile ambayo watoto wa shule wanapewa baada ya kusimamishwa kwenye fimbo ya urefu, inaua minyoo mikubwa vizuri ila ile michanga ya wiki mbili hadi nne hivi haiiwezi sana. Kwa hiyo mtoto wa Muheza aliyeoga kijitoni wiki tatu kabla ya siku ya vidonge anameza dawa na bado anabaki na minyoo inayoendelea kukua. Hapo ndo kimeng'enya kinachofanya kazi hatua zote kinakuwa na thamani kama shabaha ya dawa mpya. Mfano unaotajwa sana ni TGR, kimeng'enya cha mnyoo (thioredoxin glutathione reductase): sisi kwenye seli zetu kazi ya kukabiliana na sumu za oksijeni imegawanywa kwa vimeng'enya tofauti, mnyoo yeye anaegemea hiki kimoja, na mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba auranofin, dawa ya zamani ya baridi yabisi, inakizuia na inapunguza minyoo kwenye panya. Kama jeni ya TGR ingekuwa inawaka kwa mnyoo mkubwa peke yake, habari hiyo ingepungua uzito mara moja. Ndo maana hatua.

Na vimeng'enya vingine vina tabia tofauti kabisa. Kathepsini B1, inayosaga himoglobini kwenye utumbo wa mnyoo, inakuja juu mnyoo akishaingia mwilini na kuanza kula damu. Tairosinesi ni ya mnyoo jike aliyepevuka, anaihitaji kukausha ganda la yai, ukiitafuta kwa dume unapoteza muda. Na kuna kugeuka kwa mfumo mzima wa nishati: sekaria, yule anayetoka kwa konokono kutafuta ngozi ya mtu, akiwa majini hali kitu, anaishi siku moja au mbili kwa akiba yake ya glaikojeni na anaichoma kwa oksijeni, akishapenya ngozi na kuacha mkia, ndani ya masaa anahamia kwenye kuvunja glukosi ya mwenyeji na kutoa laktiki. Hilo la mwisho likumbuke, litaturudia kwenye qPCR na ndo linaloharibu matokeo ya watu wengi.

Sasa sampuli. Huku kwetu kichocho ni cha mkojo, Schistosoma haematobium, na huo ni mnyoo mgumu kuliko ndugu yake mansoni ambaye maabara nyingi duniani zinamfuga. Mayai unayapata kwenye mkojo wa mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane ndo yanatoka kwa wingi. Unachuja, unaosha, unayaweka kwenye maji safi yasiyo na klorini chini ya taa, na kwenye maikroskopu unaona kabisa ndani ya ganda vinyweleo vinaanza kutetemeka, kiumbe anajigeuza, ganda linapasuka ubavuni na mirasidia, yule anayekwenda kutafuta konokono, anachomoka na kuogelea moja kwa moja utadhani anajua anapokwenda. Inapendeza sana kuangalia. Ila hesabu yake haipendezi, maana WHO wanaita maambukizi makali kuanzia mayai 50 kwenye mililita 10 za mkojo, yaani hata mtoto mwenye kichocho kikali anaweza kukupa mayai mamia machache kwa kikombe kizima, na kila yai ni kitu cha sehemu ya kumi ya milimita na kidogo. RNA utakayotoa hapo ni ya kuhesabu kwa nanogramu.

Sekaria ni rahisi zaidi, ukipata konokono wa Bulinus walioambukizwa, ukiwaweka kwenye mwanga mchana wanaachia sekaria wengi. Shistosomula, yaani mnyoo mchanga baada ya kupenya ngozi, unaweza kuwatengeneza mwenyewe kwa kuwakata sekaria mikia, kwa kuwapitisha kwenye sindano au kuwatikisa, halafu unawalea kwenye chombo. Sporosisti, hatua inayozaa sekaria, wako ndani ya nyama ya konokono na huwezi kuwatoa wakiwa safi. Mnyoo mkubwa hupati kwa binadamu, anakaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu, kwa hiyo unahitaji hamsta, na hamsta maana yake nyumba ya wanyama, kibali cha maadili ya wanyama na kusubiri miezi. Mwanafunzi asiye na mshirika mwenye hamsta aandike mapema kwenye proposal kwamba hatua hiyo atachukua toka data za wengine, asije akaahidi hatua sita akaishia na tatu.

Halafu jambo moja nalisisitiza kwa kila mtu kabla hata hatujafika kwenye mashine. Sekaria uliyempata kwa Bulinus wa bondeni sio lazima awe wa binadamu. Konokono haohao wanabeba Schistosoma bovis wa ng'ombe, na wanabeba minyoo mingine ya ndege na wanyama, na bovis na haematobium wanaweza kuchanganya damu. Fanya COX1 na ITS, vipande vya DNA vya kutambua spishi, kwa sekaria wa kila konokono kabla hujawachanganya kwenye tyubu moja. Bila hivyo unaweza kuja kutuambia jeni inapanda kwa sekaria kumbe umelinganisha mirasidia wa watoto na sekaria wa ng'ombe.

Haya, qPCR. Hapa unaita majina matano kwenye daftari na kuona nani yupo, wakati RNA-seq ni sensa ya kijiji kizima. Unachagua jeni zako, unatengeneza praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoikamata jeni hiyo), RNA inageuzwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA, mashine inakuambia ni kwenye saiko (mzunguko wa kuzidisha) ya ngapi mwanga umevuka mstari. Tofauti ya saiko moja ni mara mbili, ya saiko 3.3 ni mara kumi. Inakubali sampuli kidogo, matokeo unayapata siku ileile, na mwanafunzi anaweza kuisimamia mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho bila kumtegemea mtu wa kompyuta. Chukua mpango wa kawaida, hatua nne, marudio matatu ya kibayolojia kila hatua, jeni tano za kimeng'enya na tatu za rejea, kila kitu mara tatu kwenye sahani: ni visima 288, sahani tatu za visima 96 zimejaa kabisa, na ukiweka kontroli unafungua ya nne. Hiyo inabebeka.

Ila qPCR inasimama au kuanguka kwenye jeni ya rejea, na hapa ndo nataka mtu asome taratibu. Unalinganisha jeni yako na jeni nyingine unayoamini haibadiliki. Kwa seli za binadamu watu wamezoea GAPDH, wakija kwenye mnyoo wanaibeba hivyohivyo. GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja glukosi! Na nimeshasema juu kwamba kati ya sekaria na shistosomula mnyoo anageuza kabisa namna anavyotumia glukosi. Kwa hiyo umechagua fimbo ya kupimia ambayo yenyewe inarefuka na kufupika kulingana na hatua, na kimeng'enya chako ambacho hakijabadilika kitaonekana kimepanda au kimeshuka. Aktini na tubulini nazo usiziamini kirahisi, sekaria ana mkia wenye misuli na mirasidia amejaa vinyweleo, kwa hiyo protini hizo za umbo haziwezi kuwa sawa kwa wote. Kwa Schistosoma japonicum walipochuja jeni nyingi kwa hatua mbalimbali jeni iitwayo PSMD4 ilikuwa miongoni mwa zilizotulia vizuri, hiyo inafaa iwemo kwenye orodha yako ya kujaribu, lakini ijaribu kwa mnyoo wako na hatua zako. Chukua kama nane hivi, zipime kwa hatua zote, ziingize kwenye programu ya geNorm, uchague tatu zilizotulia na utumie wastani wa kijiometri wa hizo tatu. Mwongozo wa qPCR uitwao MIQE, wa 2009, unataka jeni za rejea zithibitishwe na reviewer makini atakuuliza.

Ufanisi wa praima nao upime. Kanuni ile ya 2001 ya delta delta Ct (Ct ni ile saiko ambayo mwanga unavuka mstari) inachukulia kila saiko inazidisha mara mbili kamili, sasa kama jeni moja inazidisha mara mbili na nyingine mara 1.9, baada ya saiko 25 tofauti ya uongo imeshafika mara tatu na nusu na zaidi, na hapo mnyoo hajafanya chochote. Tengeneza mfululizo wa kuzimua, chora mstari, mteremko uwe karibu na -3.32, ufanisi kati ya asilimia 90 na 110. Kama haujafika hapo, tengeneza praima nyingine.

Na kwa sporosisti ndani ya konokono, praima zako zijaribiwe kwa RNA ya konokono asiye na maambukizi. Vimeng'enya vingi vya msingi vinafanana kwa viumbe wote na praima haijui kutofautisha kama hukuichagua vizuri.

RNA-seq sasa. Uzuri wake hauna ubishi, unapata karibu kila jeni kwa mpigo mmoja, huhitaji kujua mapema unatafuta nini, na sampuli iliyochanganyika na konokono unaweza kuitenganisha kwa kompyuta kwa kulinganisha vipande vya RNA vilivyosomwa na jinomu, yaani DNA nzima ya kiumbe. Jinomu zipo, mansoni na japonicum zilitoka 2009, haematobium 2012, na zimeboreshwa toka hapo. Ukiona kathepsini yako imeshuka, unaweza kutazama palepale kama kathepsini nyingine imepanda kuziba pengo, kitu ambacho qPCR ya jeni tano haitakuambia kamwe. Hilo kwangu ndo faida kubwa kuliko zote, maana mnyoo ana vimeng'enya vya protini vya familia moja vingi na ukizima kimoja bila kujua ndugu zake utashangaa dawa haifanyi kazi.

Gharama yake sio bei ya kusoma tu. Kuna kusafirisha RNA kwenye barafu kavu, kuna kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na mkataba wa kuhamisha sampuli kama inatoka nje ya nchi, na hivyo vinachukua muda mrefu kuliko jaribio lenyewe. Kuna vipande milioni 20 hadi 30 kwa kila sampuli vinavyorudi kama mafaili makubwa, bando la simu haliwezi, unahitaji seva na mtu anayejua programu za kuchambua kama DESeq2 au edgeR na ana muda wa kukaa na wewe. Sampuli ya sporosisti itakula hela kwa kusoma konokono, sehemu kubwa ya vipande itakuwa yake. Na mayai machache ya mkojoni yatahitaji kit (seti ya vitendanishi) ya RNA kidogo inayozidisha kabla ya kusoma, ambayo ni ghali na inaongeza upendeleo wake.

Watu wanadhani pia RNA-seq inawatoa kwenye tatizo la rejea. Haiwatoi. Programu hizo zinachukulia kwamba jeni nyingi hazibadiliki kati ya sampuli mbili, na hiyo ni sawa ukilinganisha minyoo iliyopewa dawa na ambayo haijapewa, lakini ukilinganisha sekaria na jike anayetaga, nusu ya mnyoo imebadilika. Jeni za ganda la yai zikiwaka kwa nguvu kwa jike zinachukua sehemu kubwa ya vipande vyote, na jeni nyingine zinaonekana zimeshuka wakati zipo palepale. Kwa hiyo TPM (sehemu ya jeni moja katika RNA yote iliyosomwa) ya hatua mbili zilizo mbali usiisome kama kipimo cha moja kwa moja.

Hapa niseme kitu kinachowatisha watu bure. Ukipima ubora wa RNA ya mnyoo huyu kwenye mashine, unategemea kuona vilima viwili, RNA za ribosomu 18S na 28S, kama ulivyozoea kwa RNA ya binadamu. Unaona kilima kimoja. Mashine inatoa RIN (alama ya ubora wa RNA) mbovu au haitoi kabisa, na kampuni ya kusoma inakuandikia kwamba sampuli imeoza haipokelewi. Haijaoza. 28S ya Schistosoma ina mkato wa asili katikati, ukiipasha moto kabla ya kupima vile vipande viwili vinaachana na kila kimoja kina ukubwa unaokaribia 18S, vyote vinalundikana sehemu moja. Angalia kama msingi wa mchoro upo chini na hakuna mteremko mrefu upande wa vipande vifupi, pima tena bila kupasha moto, na uwaandikie kampuni hivyo kabla hujatuma. Nimeona sampuli nzuri kabisa zikitupwa kwa sababu hii na inauma, maana nyuma ya ile tyubu kuna watoto waliojitolea mkojo na wazazi waliosaini fomu.

Kuna sehemu ambayo qPCR na RNA-seq zote zinakuangusha sawasawa, na kimeng'enya kinachoonyesha hivyo vizuri ni elastezi ya sekaria, ile anayotumia kupasua ngozi. Kwa mansoni, mRNA yake (RNA inayobeba maelekezo ya kukitengeneza) ipo juu wakati sekaria bado anatengenezwa ndani ya sporosisti, kwenye konokono. Kimeng'enya kinatengenezwa, kinahifadhiwa kwenye tezi, na kinasubiri. Wakati sekaria anapogusa ngozi na kukimwaga, mRNA yake imeshashuka zamani. Mtu anayesoma mRNA peke yake atasema elastezi ni kimeng'enya cha maisha ya ndani ya konokono na hatakuwa amekosea namba hata moja, ila amekosa kazi yake. Japonicum naye karibu hana elastezi hiyo, anategemea zaidi kathepsini B2 kupenya, kwa hiyo usibebe jibu la spishi moja ukalipa nyingine. Kama swali lako ni lini kimeng'enya kinafanya kazi, basi ongeza kipimo cha utendaji chenye sabstreti inayotoa mwanga, au western blot inayopima protini yenyewe, na hapo qPCR ya bei nafuu inakuachia hela ya kufanya hivyo wakati RNA-seq imeshaimaliza.

Sasa kuchagua. Kama kimeng'enya unakijua, hatua zako ni tatu au nne na maabara ina mashine ya qPCR inayofanya kazi, fanya qPCR, usiongee zaidi. Kama hujui kimeng'enya kipi, usikimbilie kulipia. Ingia WormBase ParaSite, hifadhidata ya bure ya jinomu za minyoo, tafuta data za mansoni za hatua mbalimbali, angalia familia nzima ya kimeng'enya chako inavyopanda na kushuka, tafuta jeni inayolingana kwa haematobium, chagua tano au nane zinazoeleweka, kisha zithibitishe kwa qPCR kwenye mayai na sekaria wa hapa Tanga. Kazi hiyo inatosha masters vizuri sana na ina kitu kipya, maana data nyingi zilizopo ni za mansoni wa kufugwa maabara miaka mingi, sio za minyoo wanaotoka kwa watoto wetu.

RNA-seq yako mwenyewe lipia kama una sababu ambayo data za bure haziwezi kuigusa: minyoo ya hapa inayoonekana kuchanganyika na bovis, au hatua ambayo hakuna aliyeisoma kwa haematobium, au minyoo iliyobaki baada ya dawa. Na uwe na angalau marudio matatu ya kibayolojia kwa kila hatua, yaani makundi matatu tofauti ya konokono au ya watoto, sio tyubu moja iliyogawanywa mara tatu. Kama hela inatosha marudio mawili tu, rudi kwenye qPCR.

Mtu wa katikati, mwenye hela kiasi na mshirika mwenye seva, mimi ningemshauri RNA-seq kwa hatua mbili tu ambazo sampuli yake ni nyingi na safi, sekaria na shistosomula, halafu qPCR kwa hatua zote ikiwemo mayai. Anapata upana palipo na mali na anapata kina palipo na uhaba.

Njia yoyote utakayochagua, sampuli inaharibikia shambani kabla haijafika kwenye mashine. Beba RNAlater, kimiminika cha kuhifadhi RNA. Inahifadhi RNA wiki moja kwenye nyuzi 25, mwezi kwenye friji ya nyuzi 4, ila kwenye nyuzi 37 ni siku moja tu, na boksi lililoachwa ndani ya gari lililopaki juani Pongwe linapita nyuzi 37 haraka, kwa hiyo boksi la barafu liwepo hata kama dawa imeandikwa haihitaji baridi. Sekaria wazamishwe palepale wanapotoka, usiwaache kwenye bika wakati unakula, kwa sababu wanatumia akiba yao kila saa na sekaria wa saa moja na wa saa kumi sio sampuli moja. Andika muda kwenye tyubu. Umeme ukikatika friza ya nyuzi -80 isifunguliwe mpaka jenereta liwake.

Na RNA ya kila hatua itengwe sehemu mbili siku ileile unayoitoa, moja ya kazi na moja haiguswi, kwenye friza tofauti kama ipo, kwa sababu reviewer akija kutaka jeni moja zaidi miezi minane baadaye, msimu wa konokono utakuwa umepita na yule mtoto, tunaomba Mungu, atakuwa ameshapona.